Kulungu Wenye Njaa na Watu Wenye Huruma

Katika majira ya baridi ya 2017 hadi 2018 palitokea nchini Uholanzi ugomvi mkubwa juu ya wanyama. Mashariki ya mji wa Amsterdam liko pori liitwalo Oostvaardersplassen, lenye hekta zipatazo 5,600, juu ya ardhi iliyokaushwa kutoka majini mwaka 1968. Humo waliachwa ng'ombe, farasi na kulungu waishi peke yao bila ya mchungaji, ili ionekane jinsi wanyama walao nyasi wawezavyo kuitengeneza nchi wenyewe. Pori lile limezungukwa na ua, wala hamkuwa na mbwa mwitu wa kuwapunguza. Kulungu wachache waliotiwa humo mwaka 1992 wakazaana, na wenzao kadhalika, hata ilipoingia baridi ile walikuwa wote pamoja zaidi ya 5,000. Nyasi zikaisha. Abiria wa treni ipitayo kando ya pori wakawa wawaona wanyama waliobaki mifupa na ngozi.

Basi watu wakaja na mafungu ya nyasi kavu, wakayarusha juu ya ua. Walinzi wa pori walitukanwa na kutishwa. Kabla ya baridi kwisha, wanyama zaidi ya 3,000 walikuwa wamekufa, na walio wengi kati yao walipigwa risasi na walinzi wale wale, waliokuwa na amri ya kumwahi mnyama aliyekwisha kudhoofika ili asife polepole kwa njaa.

Ndugu msomaji, kama ungalikuwa umesimama pale penye ua, na fungu la nyasi mkononi, ungalifanya nini?

Kabla ya kujibu yafaa tumfahamu mnyama mwenyewe. Twamwita kulungu kwa kukosa jina lililo bora, lakini huyu wa nchi za baridi si yule wa misitu yetu. Pembe za dume lake ni mfupa mtupu wenye matawi, nazo humwanguka kila mwaka na kuota upya. Wakati wa vuli, majani yanapopukutika, yeye hula sana akajiwekea mafuta mwilini, na manyoya yake huwa mazito. Theluji ikishaanguka hupunguza mwendo na kula kidogo. Wachunguzi wa Vienna, nchini Austria, walieleza mwaka 2004 ya kuwa katika usiku wa baridi kali kulungu mwekundu huuacha mwili wake upoe upande wa nje na moyo wake upige polepole, ili asitumie akiba yake upesi. Kulungu mwenye afya aweza kupungukiwa na robo ya uzito wake akaiona tena miti ikichipua.

Tena yeye ni mnyama acheuaye, kama ng'ombe na mbuzi. Chakula chake hakisagwi na tumbo tu, bali na vijidudu visivyohesabika vilivyomo katika tumbo lake la kwanza. Vijidudu hivyo hubadilika kwa majira. Wakati wa baridi huwa ni vile viwezavyo kuvunja vijiti, magamba ya miti na machipukizi makavu, na huchukua majuma kadhaa kugeuka viweze chakula kingine. Mwenye huruma akimmwagia debe la mahindi ghafla, wanga ule huchacha tumboni, huzaa ukali mwingi kama siki, na ukali huo huingia katika damu. Kulungu huweza kufa kwa siku moja au tatu, na akipasuliwa tumbo lake huonekana limejaa. Nyasi kavu haziui kwa namna hiyo, lakini zikiwa ngumu, huyu aliyekwisha dhoofika hawezi kuzisaga, akafa njaa naye ameshiba. Hapa ndipo penye jambo ambalo wengi wetu hatulifikiri tunapotoa: sisi hupima sadaka kwa moyo wa mtoaji, na mnyama huipima kwa tumbo lake.

Halafu kuna maradhi. Kulungu porini hutawanyika, lakini palipomwagwa chakula husongamana pua kwa pua, wenye nguvu mbele, watoto na wadhaifu nyuma wakisukumwa. Katika jimbo la Michigan, Marekani, mwaka 1994 aliuawa na mwindaji kulungu mwenye kifua kikuu cha ng'ombe. Uchunguzi uliofuata uliwaona wengine, na mazoea ya kuwamwagia chakula yakahesabiwa kuwa ni sababu moja kubwa ya kuenea kwake. Yako maradhi mabaya zaidi, yale ya ubongo yamkondeshayo kulungu mpaka akafa, yaliyoonekana mara ya kwanza Colorado mwaka 1967 na kufika Norwei mwaka 2016. Hayana dawa. Sumu yake hutoka katika mate na kinyesi na hukaa udongoni miaka mingi.

Wenye kutetea kulisha nao wana hoja, wala si haki kuipita haraka. Zamani kulungu wa milima ya Austria na Bavaria walishuka mabondeni baridi ilipokaza. Leo mabonde yale yana mashamba, miji na barabara kuu. Aliyezoea kushuka ameikuta njia imefungwa, na akibaki mlimani huchuna magamba ya miti akaharibu msitu wa watu. Ndiyo maana huko hulishwa kwa utaratibu: lishe huanza kabla ya theluji kuwa nyingi, huwa ni ya namna moja, wala haikatwi mpaka majani yaote. Hiyo ni kazi ya miezi mingi na ya mtu ajuaye, si ya Jumapili moja ya mwenye gari lililojaa mikate.

Marekani walilianza jambo hilo hilo karibu na mji wa Jackson, jimbo la Wyoming. Mji ulikuwa umekalia malisho ya baridi ya wapiti, kulungu wakubwa wa nchi ile, nao wakawa wanakufa kwa wingi. Mwaka 1912 serikali ikawatengea hifadhi, na kwa zaidi ya miaka mia maelfu yao wamekuwa wakilishwa katika baridi nyingi. Desemba 2020 ikatangazwa ya kuwa maradhi yale ya ubongo yameonekana katika wapiti wa mbuga ya Grand Teton, jirani kabisa na hifadhi hiyo. Kuendelea kuwakusanya ni khatari, na kuwakatia chakula ghafla maelfu waliozoeshwa ni mauti.

Kwa maoni yangu swali si baridi ni kali kiasi gani, bali ni nani aliyemfungia mnyama njia yake. Wasomaji wetu wanaijua khabari ya yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka: alimfungia, hakumlisha, wala hakumwacha ajitafutie riziki yake ardhini. Kulungu aliye huru msituni anayo ardhi yake, na afadhali tumwachie. Nduguze wasomaji walioko Minnesota au Toronto, wakimwona bustanini asubuhi ya theluji, wazuie mkono. Bali aliyejenga ua amejitwika dhima, na dhima hiyo haianzi siku ile wanyama wanapoanguka. Ilianza mwaka ule walipokuwa wachache na majani yakiwa tele, hapakuwa na mtu wa kuwahesabu.

Uholanzi walipeleka lishe mwishoni mwa baridi ile, wengi wakiwa wameshakufa. Mwaka huo huo wa 2018 tume iliyoundwa ilishauri wanyama wakubwa wa pori lile wawekewe kiwango cha 1,500 na wasiachwe wazidi. Farasi kadhaa wakahamishiwa kwingine. Kulungu, ambao si rahisi kuwahamisha, wakapigwa risasi zaidi ya elfu moja katika baridi iliyofuata, wakiwa wanene na wenye afya. Waliopinga wakaenda mahakamani kutaka kuzuia mauaji hayo, wasifaulu.

Nami nawaelewa, ingawa katika shauri lile nadhani mahakimu hawakukosea.