Mabishano Juu ya Vitabu: Faida Zake na Adabu Zake

Kila Jumamosi alasiri, nguo zikiwa zimeanikwa na kazi ya kufagia imekwisha, wanafunzi wa bweni letu hukusanyika kwenye ngazi zilizo nyuma ya maktaba. Wengi huzungumza mpira. Lakini pembeni kuna kundi la watu saba au wanane ambao hubishana juu ya vitabu, na mara nyingi kelele zao huwashinda watu wa mpira. Mgeni akipita hudhani wanadaiana fedha. Kumbe mmoja amesema tu kwamba hadithi za upelelezi si fasihi.

Mimi ni mmoja wa kundi hilo tangu kidato cha tatu, na sasa nimo katika kidato cha sita, karibu kuondoka. Mhariri wa sehemu hii ya Kiswahili ameniomba niwaeleze wasomaji mabishano haya ni nini, yana faida gani, na yapasa kuendeshwa kwa adabu gani. Nimekubali kwa furaha, ingawa nina neno moja la kuungama, nalo nitalisema mahali pake. Wakubwa wetu waliosoma hapa zamani watanisahihisha nikikosea, maana nasikia nao walibishana kwenye ngazi hizi hizi.

Mabishano si jambo jipya

Mtu asidhani kwamba ni sisi tulioanzisha mambo haya. Gazeti la Mambo Leo lilipoanza kutolewa Tanganyika mwaka 1923, washairi walipata uwanja wa kuulizana na kujibizana mbele ya wasomaji. Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji, alitoa kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi. Humo alieleza vina na mizani, yaani sauti zinazofanana katikati na mwishoni mwa mstari, na hesabu ya silabi. Shairi linalojulikana zaidi lina mistari minne katika kila ubeti, na kila mstari una mizani kumi na sita, nane upande huu na nane upande huu.

Basi mwaka 1974 akatokea Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe na diwani yake iitwayo Kichomi, yenye mashairi yasiyofuata vina wala mizani. Hapo moto ukawaka. Upande mmoja ulisema: shairi lisilo na vina ni insha iliyokatwa vipande, na anayeacha sheria za wazee hawezi kuzifuata. Upande wa pili ulijibu: vina ni vazi tu, wala vazi si mtu, tena kijana ana haki ya kusema kwa mapigo ya maneno ya kila siku. Ubishi huo uliendelea miaka mingi, hata Jumanne Mayoka alipotoa kitabu mwaka 1984 alikiita Mgogoro wa Ushairi.

Nani alishinda? Naona aliyeshinda ni msomaji. Leo aina zote mbili husomwa na kufundishwa. Na kwa sababu ya ubishi huo, wa kimapokeo walilazimika kueleza kwa nini vina vinapendeza, badala ya kusema tu kwamba ndivyo tulivyovikuta. Wa kisasa nao walilazimika kuonyesha kwamba uhuru wao si uvivu. Hiyo ndiyo faida ya kwanza ya mabishano: humfanya mtu atafute sababu za kile anachokipenda.

Je, kitabu hiki ni chetu?

Ubishi wa pili tunaoupenda sana ni wa lugha. Mwezi wa Juni 1962 waandishi wa Afrika walikutana katika Chuo cha Makerere, Kampala. Mkutano ule ulikuwa wa waandishi wanaotumia Kiingereza. Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa bado mwanafunzi chuoni hapo, naye alikuwamo. Katika kitabu chake cha mwaka 1986 alikumbusha jambo la kuhuzunisha: yeye, kijana mwenye hadithi chache tu za Kiingereza, alistahili kualikwa, lakini Shaaban Robert, mwenye vitabu vingi vya Kiswahili, hakustahili. Na Shaaban Robert alifariki mwezi ule ule wa Juni 1962.

Mwaka uliofuata Obi Wali wa Nigeria aliandika katika jarida la Transition, lililokuwa likitolewa Kampala, kwamba fasihi ya Afrika ikiendelea kuandikwa kwa lugha za wageni haitafika mbali. Chinua Achebe hakukubali. Yeye aliona kwamba Kiingereza kinaweza kubeba mzigo wa Mwafrika kikifinyangwa vema. Ngũgĩ naye aliacha kuandika riwaya zake kwa Kiingereza, akarudi kwa Kikuyu, na hakuuacha msimamo huo hadi alipofariki mwaka 2025.

Kwetu Kigali swali hili si la mbali. Sisi tuna lugha nne za serikali: Kinyarwanda, Kiingereza, Kifaransa na, tangu mwaka 2017, Kiswahili. Scholastique Mukasonga, ambaye alisoma sekondari hapa hapa Kigali, aliandika juu ya shule ya wasichana katika riwaya yake Notre-Dame du Nil, akapata tuzo ya Renaudot huko Ufaransa mwaka 2012. Je, kitabu hicho ni cha Rwanda au cha Ufaransa? Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, alipopewa Tuzo ya Nobel mwaka 2021, watu wengi wa Afrika Mashariki walishangilia kabla ya kufungua ukurasa wake mmoja. Mwaka 2022 riwaya yake Paradise ikatoka kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, ikafasiriwa na Ida Hadjivayanis. Mwenzangu mmoja husema, "Sasa ndipo amerudi nyumbani." Mwingine humjibu, "Hakuondoka kamwe. Ninyi ndio mlikuwa hamsomi." Mimi huelekea kwa huyo wa pili, lakini kila nikijiona nimeshinda, yule wa kwanza huniuliza bibi yake angesoma kipi kati ya hivyo viwili, nami hunyamaza.

Wako watakaosema kwamba maneno ya wanafunzi ni kelele tu. Na watazame Ufaransa. Tangu mwaka 1988 kuna tuzo ya vitabu inayotolewa na wanafunzi wa sekondari wapatao 2,000. Husoma orodha nzima ya riwaya mpya kwa muda wa miezi miwili hivi, hubishana darasani, kisha hupiga kura. Mwaka 2016 walichagua Petit Pays cha Gaël Faye, mzaliwa wa Bujumbura ambaye mama yake ni Mnyarwanda. Sasa kitabu hicho kinasomwa hata kwa Kinyarwanda, kwa jina la Gahugu Gato. Angalieni basi: vijana wa umri wetu walibishana, na habari za mtoto wa Bujumbura zikatembea ulimwenguni.

Kosa langu

Sasa naungama. Nilipokuwa kidato cha tano, mmoja wa wanafunzi wa zamani alituletea fedha za kutosha vitabu vitano. Tukakusanyika kuchagua. Kijana mmoja wa kidato cha pili, mtoto wa Biryogo, akasimama na kuomba tununue Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla. Mimi, kwa kuwa nilikuwa mkubwa na nilitaka kuonekana msomi, nikasema, "Mdogo wangu, hivyo ni vitabu vya kusomea kwenye basi." Watu wakacheka sana. Yeye akaketi. Tangu siku hiyo hakuja tena kwenye ngazi.

Nilichokisema sikukijua. Sikuwa nimesoma hata ukurasa mmoja wa kitabu kile. Nilikuwa nimesikia tu kwamba ni cha upelelezi.

Muhula uliofuata sehemu ya Kiswahili ya jarida hili ilikosa makala. Wengi wetu tumejifunza Kiswahili darasani, nacho bado kinatukwaza; lakini watoto wa Biryogo na Nyamirambo wamekinywa pamoja na maziwa. Nikatumwa kwa yule kijana kumwomba aandike. Alinisikiliza kwa heshima, kisha akasema, "Kaka, mimi nasoma vitabu vya kwenye basi tu. Nitaandika nini?" Sikuwa na jibu. Toleo lile lilitoka na kurasa mbili tu za Kiswahili, na wasomaji waliouliza sababu sasa wanaijua.

Siku chache baadaye nilimwendea nikamwomba aniazime kitabu chenyewe. Alinipa nakala ya babu yake, isiyo na jalada. Nikaisoma usiku mbili. Nilijifunza pia kwamba hadithi ile ilipata zawadi ya kwanza katika mashindano ya uandishi ya mwaka 1957 na 1958 yaliyoendeshwa na Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki, ikapigwa chapa mwaka 1960. Mpelelezi wake, Bwana Msa, si mtu wa bastola. Huvuta kiko chake, huuliza maswali, hutazama, hufikiri. Pale ambapo wengine huogopa mzimu, yeye hutafuta sababu. Nikajiuliza: je, si jambo hili hili ambalo walimu wetu wa sayansi hutufundisha kila siku? Na Kiswahili chake ni cha Unguja, kinateleza kama maji. Bado nasema kwamba mahali pengine hadithi hukawia mno, wala sitaiweka juu ya vitabu vya Shaaban Robert. Lakini sasa nasema hivyo nikiwa nimesoma.

Jumamosi iliyofuata nilimwomba yule kijana aje kwenye ngazi, nikasema mbele ya wote waliocheka kwamba nilinena bila kusoma. Akatabasamu, akasema, "Haya, sasa tunaweza kubishana." Tukabishana hadi kengele ya sala ya jioni, naye alinishinda mara mbili. Fedha za vitabu zilikuwa zimekwisha zamani, kwa hiyo nakala ni ile ile ya babu yake, nayo ina orodha ndefu ya wanaoingoja.

Adabu za mabishano

Kutokana na hayo nimejiwekea kanuni nne, nazo nawaachia wadogo zangu.

Kwanza, soma kabla ya kusema. Asiyesoma anaruhusiwa kuuliza tu, na kuuliza si aibu.

Pili, tenganisha "sikipendi" na "si kizuri". La kwanza ni habari ya ulimi wako, wala hapana awezaye kukubishia. La pili ni hukumu, na hukumu yataka ushahidi.

Tatu, fungua ukurasa. Ukisema mwandishi hajui kuchora watu, tuonyeshe ni mtu yupi na ni wapi. Mara nyingi nimeona mtu akitafuta ushahidi wa kukilaani kitabu, akaanza kukipenda njiani.

Nne, shindana na neno, usishindane na mtu. Hili ndilo kubwa. Katika nchi yetu, kabla ya mwaka 1994 na katika mwaka wenyewe, gazeti na redio vilitumika kumfanya jirani aonekane si mtu. Sisi tuliozaliwa baadaye twaambiwa kila mwaka kwamba mambo yale yalianza na maneno. Kwa hiyo kujizoeza kupinga maoni ya mwenzio kwa nguvu zote, kisha mkala ugali sahani moja, si mchezo wa watoto. Kicheko nilichokichochea mimi siku ile kilikuwa kidogo, lakini kilimnyamazisha mtu mwaka mzima, nacho kiliwanyima wasomaji maneno yake.

Kuna methali ya Kinyarwanda isemayo kwamba ndege asiyeruka hajui palipoiva mtama. Mwenye kusoma kitabu anachokipenda mwenzake ameruka kidogo. Ambaye hana fedha za kununua vitabu na aende Maktaba ya Umma ya Kigali, pale Kacyiru, iliyofunguliwa mwaka 2012. Mimi huko ndiko nimesoma nusu ya vitabu nilivyovitaja.

Sipendi kurefusha maneno. Mwakani sitakuwapo kwenye ngazi zile, lakini najua nafasi yangu haitakaa wazi. Wakubwa zetu mliokwisha toka, tuandikieni mlikuwa mkibishania vitabu gani, na mkiwa na nakala zisizo na kazi nyumbani, hata zisizo na jalada, zileteni. Nanyi wadogo zangu, mkiona nimekosea katika makala hii, nijibuni katika toleo lijalo. Yule kijana wa Biryogo ameahidi kuanza. Ameniambia kwamba yale niliyoyasema juu ya hadithi kukawia ni uongo mtupu, na ukurasa wa kuonyesha ameshauweka alama.