Jina la Pili

Ni jina la pili lililoninasa. Makala ya mwaka 1989 katika jarida la Primates, inayosimulia sokwe wa milima ya Mahale aliyejitibu, ina waandishi wawili: Michael Huffman wa Chuo Kikuu cha Kyoto na Mohamedi Seifu, Mtongwe wa mwambao wetu huu, kusini mwa Kigoma.

Novemba 1987 walikuwa wakimfuatilia Chausiku, sokwe jike mgonjwa, mwili umemlegea. Akavuta machipukizi ya kichaka kimoja, akayamenya ganda na majani, akatafuna kiini, akafyonza maji yake machungu, makapi akayatema. Huffman akauliza ni mti gani. Mzee Mohamedi akamjibu kwamba ni mjonso, dawa kali ya Watongwe, ya tumbo na minyoo. Kesho yake mchana Chausiku alikuwa na nguvu zake.

Neno la mzee halipiti hivi hivi kwa wanasayansi. Hutakiwa kitawi kilichobanwa ndani ya magazeti, kikakauka, kikabandikwa kwenye karatasi ngumu na lebo yake: mahali, tarehe, namba, mkusanyaji. Ndiyo kazi ya hebaria, kama ile ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Na ni kazi ya maana. Mjonso uliandikwa Vernonia amygdalina. Leo wengi huuita Gymnanthemum amygdalinum. Majina hubadilika, kitawi ndicho shahidi.

Lakini Mzee Mohamedi alikuwa na mengine. Alisimulia habari za babu yake, Babu Kalunde, mganga, aliyemwona nungunungu mgonjwa akichimba na kula mizizi ya mulengelele. Watu waliuogopa mmea huo, wakijua ni sumu. Nungunungu akapona. Ugonjwa wa kuhara damu ulipoingia kijijini, Babu Kalunde aliwaonyesha wenzake mizizi ile. Wakasita. Akaila yeye kwanza, mbele yao, ndipo nao wakakubali kutibiwa.

Lebo ya hebaria ina nafasi ya jina la kienyeji. Ujasiri ule wa kula sumu mbele ya jirani zako uandikwe wapi?

Watongwe walishaondolewa Mahale, hifadhi ikatangazwa mwaka 1985. Kijana wao akitaka leo kuujua mulengelele, aende msitu gani, au afungue kabati la chuo kipi? Na akiikuta karatasi yake, kwenye mstari wa mkusanyaji atasoma jina la nani: aliyekata kitawi, mzee aliyekitaja, au babu aliyekionja?