Mguu Hupata Wapi Amri ya Kutembea?

Mwaka 1985 kulikuwa na ukame katika baadhi ya vijiji vya wilaya ya Tarime, mkoani Mara. Chakula kilichosalia shambani kilikuwa muhogo mchungu. Ndipo watu wakapatwa na jambo la ajabu. Mtu mwenye afya yake alikaza miguu yote miwili ghafla, mara nyingi kwa muda wa siku moja tu, akashindwa kutembea vizuri. Homa hana, akili yake timamu, na ukimgusa mguuni anasikia. Wataalamu waliochunguza walikuta wagonjwa 39.

Wako wanaosema watu wa namna hii wamerogwa. Ndugu msomaji, tusikimbilie huko. Tutazame kwanza mguu mzima unavyotembea, ndipo tutajua huu mwingine umekaza kwa nini.

Hebu shika mkono wako wa kulia, sehemu ya mbele, kati ya bega na kiwiko. Sasa ukunje kama mtu anayeinua kikombe cha uji. Unasikia kitu kinavimba na kuwa kigumu? Huo ni msuli. Msuli unajua kazi moja tu, nayo ni kuvuta. Kusukuma hauwezi. Kwa hiyo viungo vyetu vina misuli inayopingana: wa mbele hukunja mkono, wa nyuma huunyoosha. Wa mbele ukivuta, wa nyuma sharti ulegee. Ikivuta yote miwili kwa nguvu sawa, mkono hauendi popote. Unakaza tu kama gogo. Na mguu ni hivyo hivyo.

Amri ya kuvuta hutoka kwenye ubongo. Ndani ya mifupa ya uti wa mgongo mna ugwe laini, unene wake kama wa kidole kidogo. Amri ya mguu hushuka kwa ugwe huo hadi sehemu ya chini ya mgongo. Hapo hupokewa na chembe nyingine, nazo huipeleka kwenye misuli. Ni kama amri itokayo wilayani: mtendaji wa kijiji ndiye anayeifikisha kwa watu.

Lakini huyu mtendaji wa mgongoni hangoji wilaya kwa kila jambo. Ukikanyaga mwiba, mguu umekwisha ruka kabla hujajua umekanyaga nini. Mganga akikugonga chini ya pia ya goti, mguu hupiga teke wenyewe. Maana msuli ukivutwa ghafla, nao hujibu kwa kuvuta. Jibu hili hutusaidia tusianguke ovyo. Ila likiachiwa bila kizuizi, huzidi mno. Basi ubongo una kazi mbili, kuamuru na kuzuia. Wengi wetu tunaijua ile ya kwanza tu.

Tena ubongo hupokea taarifa. Funga macho, kisha gusa pua yako kwa kidole. Hukukosa, sivyo? Viungo vyenyewe vimetoa habari ya mahali vilipo. Sehemu ya nyuma ya ubongo huzitumia habari hizo kurekebisha mwendo, ndiyo maana mama hutembea na ndoo kichwani maji yasimwagike. Pombe huivuruga sehemu hiyo. Ndipo mlevi huona njia ya nyumbani imekuwa nyembamba!

Sasa turudi Tarime. Ugonjwa ule unaitwa konzo. Ni neno la Wayaka wa Kongo, kama kusema miguu iliyofungwa, na daktari Trolli aliuandika habari zake huko mwaka 1938. Zinazoharibika ni zile njia zinazoshusha amri kutoka ubongoni. Mtendaji wa mgongoni yupo, lakini hakuna wa kumzuia. Misuli inayopingana huvuta kwa pamoja. Magoti hukaza, visigino huinuka, miguu hupishana kama mkasi. Polio ni kinyume chake. Polio huua zile chembe za mgongoni, basi misuli hukosa amri kabisa, na mguu hulegea na kukonda.

Konzo haina dawa ya kuurudisha mguu ulivyokuwa. Hata hivyo kwa kawaida haiendelei kuzidi. Fimbo na mazoezi ya kunyoosha viungo humsaidia mgonjwa, naye apelekwe hospitali mapema.

Chanzo chake ni sumu ya sayanidi iliyomo katika muhogo mchungu. Wanaoshikwa zaidi ni watoto na akina mama. Wakati wa njaa watu hufupisha siku za kuloweka au kuvundika, na sumu hubaki ndani ya unga. Mwili huipunguza sumu hiyo kwa msaada wa vyakula vya kujenga mwili, kama samaki, maziwa na maharage. Navyo ndivyo vinavyokosekana wakati huo huo.

Kama una shaka na unga wako, uchanganye na maji katika beseni mpaka uwe majimaji. Utandaze juu ya mkeka, unene usizidi sentimeta moja, ukae juani saa mbili au kivulini saa tano. Sumu hutoka na kupotea hewani. Songa ugali siku hiyo hiyo, maana unga ulioloweshwa ukilala hushika ukungu.