Kabla ya Samaki, Fuga Maji

Matangi mengi ya samaki hufa yakiwa yanang'aa. Jumamosi asubuhi mwenye nyumba humwaga maji yote, husugua kioo kwa sabuni, huosha changarawe kwa maji ya mfereji mpaka zitakate, kisha hujaza maji mapya na kuwarudisha samaki. Kufikia Jumatatu wanahema juu ya maji. Jumanne wanaelea ubavu. Watoto huambiwa samaki walikuwa wagonjwa, au muuzaji aliwauza wakiwa dhaifu, ilhali mara nyingi kilichowaua ni ule usafi.

Kwa familia ya mji mdogo wa Ziwa, au ya Eldoret mjini, Kaunti ya Uasin Gishu, inayotaka kuweka samaki wa mapambo sebuleni, funzo la kwanza ndilo hilo. Kazi yako ni kuyafuga maji. Maji yakitulia, samaki hawana shida nyingi.

Wafanyakazi wasioonekana

Samaki hutoa amonia kila anapopumua, kupitia matamvua yake. Mavi yake na mabaki ya chakula yakioza huongeza amonia nyingine. Kiasi kidogo tu cha sumu hiyo huunguza matamvua. Mtoni huchukuliwa na mkondo, lakini ndani ya tangi haina pa kwenda.

Wanaoiondoa ni bakteria. Kundi la kwanza huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo bado ni sumu kwa sababu huizuia damu ya samaki kubeba oksijeni. Kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, na hiyo samaki huweza kuivumilia mpaka ipunguzwe kwa kubadilisha maji au ifyonzwe na mimea. Bakteria hawa huishi zaidi wakiwa wameshika mahali: kwenye sifongo ya filta, katikati ya changarawe, juu ya mawe. Ukiosha vitu hivyo kwa maji yenye klorini, umewaua. Sabuni nayo haifai kabisa, kwa sababu mabaki yake huwadhuru samaki wenyewe.

Ndiyo maana tangi jipya huhitaji takriban wiki 4 hadi 6 kabla ya kupokea samaki. Jaza maji, washa filta, kisha kila siku tia chembe chache za chakula cha samaki zioze, ili bakteria wapate amonia ya kula. Vipimo vya karatasi au vya matone vitakuonyesha amonia ikipanda na kushuka, kisha nitriti ikifuata njia hiyo hiyo. Zote mbili zikisoma sifuri huku chakula kikiendelea kutiwa, tangi liko tayari. Penye baridi kazi hii huchelewa, maana bakteria huzaana polepole. Ukiwa na rafiki mwenye tangi la zamani lenye samaki wazima, mwombe kipande cha sifongo ya filta yake, ukibebe kikiwa kimelowa. Kitakupunguzia wiki kadhaa.

Hewa ya huku juu

Eldoret iko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Wanariadha huja kufanya mazoezi katika nyanda hizi kwa sababu hewa ni nyepesi, na wepesi huo huo humfikia samaki. Maji ya nyuzi 25 za selsiasi mjini Mombasa huweza kubeba takriban miligramu 8 za oksijeni kwa lita moja. Maji ya joto hilo hilo Eldoret hubeba kama 6 na nusu. Idadi ya samaki inayopendekezwa katika vitabu vya ng'ambo, basi, ipunguze kidogo unapoitumia Uasin Gishu.

Chagua tangi pana kuliko refu, kwa sababu oksijeni huingilia juu ya maji. Elekeza mdomo wa filta utikise uso wa maji, au ongeza pampu ya hewa. Stima ikipotea kwa saa nyingi, chota maji kwa kikombe na kuyamimina tena kutoka juu mara kwa mara. Usiwalishe samaki mpaka filta ifanye kazi tena.

Tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 30 huchukua lita 54, karibu mitungi mitatu ya lita 20. Maji pekee ni kilo 54, kabla ya kuongeza kioo na changarawe, kwa hiyo meza dhaifu haifai. Liweke mbali na dirisha lenye jua, la sivyo mwani utafunika kioo.

Kutoka mferejini, kisimani na paani

Maji ya mfereji huwa na klorini. Yakikaa kwenye ndoo iliyo wazi kwa saa 24, klorini ya kawaida hupungua sana, ingawa dawa ya kuondoa klorini ina uhakika zaidi. Maji ya kisima mara nyingi hayana klorini, lakini yanaweza kuwa na chumvichumvi nyingi. Maji ya mvua ni laini mno, na asidi yake hubadilika haraka tangini. Usiyakinge mvua inapoanza tu, kwa maana ndiyo inayoosha vumbi la mabati. Kisha yachanganye na ya kisima au ya mfereji. Samaki huumizwa zaidi na mabadiliko ya ghafla kuliko na maji yasiyo kamili, hivyo chagua chanzo kimoja, au mchanganyiko mmoja, na usiubadilishe ovyo.

Kuna hatari nyingine ambayo mfugaji wa ng'ombe wa huku anapaswa kuijua. Dawa nyingi za kupe na za wadudu zina pairethroidi, kemikali inayoua samaki hata ikiwa kidogo sana. Ndoo iliyochanganyiwa dawa ya ng'ombe isikaribie tangi hata ikioshwa mara kumi. Ukitoka kunyunyizia mifugo, nawa mikono mpaka kwenye viwiko kabla ya kuwalisha samaki. Ukipuliza dawa ya mbu ndani ya nyumba, funika tangi na uzime pampu ya hewa, kwa sababu pampu hiyo huvuta hewa ya chumba na kuishindilia majini.

Usafi wa kila wiki

Tenga ndoo na mpira wa kunyonyea maji kwa kazi hii peke yake. Mara moja kwa wiki, futa kioo kwa sifongo isiyo na sabuni. Ingiza mpira ndani ya changarawe uvute uchafu pamoja na maji, ukiondoa robo ya tangi. Kwa tangi la lita 54 hiyo ni chini kidogo ya lita 14, na migomba au sukuma wiki zitayafurahia maji hayo. Sifongo ya filta ikiziba, ikamue ndani ya ndoo ya maji uliyotoa tangini, kisha uirudishe ikiwa bado na rangi ya udongo. Rangi hiyo ni makao ya wafanyakazi wako.

Maji ya kuongeza yalale ndani ya nyumba usiku kucha. Yale ya asubuhi kutoka nje huwa baridi kali, hasa kati ya Juni na Agosti, na kuyamimina ghafla huwashtua samaki. Yapashe joto kwa kuyachanganya na maji moto kidogo mpaka yalingane na ya tangini.

Samaki gani?

Bila hita, tafuta danio, samaki mdogo mwenye milia anayevumilia nyuzi 18 hadi 24. Hupenda kuishi kikundi, na sita wanatosha kuanzia katika lita 54. Gapi na beta, samaki wengine wa mapambo, huhitaji joto zaidi, yaani hita. Hita ya wati 75 ikiwaka nusu ya siku hutumia takriban uniti 27 za umeme kwa mwezi. Piga hesabu hiyo kabla ya kuwanunua.

Goldfish huvumilia baridi, lakini hukua kupita sentimita 15, huchafua maji sana na huweza kuishi miaka zaidi ya 10. Bakuli la duara ni mateso kwake, na hata lita 54 hazimtoshi. Plekosi naye huuzwa kama samaki wa kusafisha tangi. Ni kweli hula mwani, ila naye hunya, na aina ya kawaida hufikia urefu wa sentimita 30. Hakuna samaki atakayekufanyia usafi.

Mkiwaleta nyumbani, acheni mfuko uelee tangini dakika 20, mwongeze maji ya tangi kidogo kidogo, kisha muwahamishe samaki kwa wavu. Maji ya dukani mwageni. Walisheni mara moja au mbili kwa siku, kiasi wanachomaliza ndani ya dakika mbili.

Kamwe usimwage mtoni

Ukichoka kufuga, mrudishie muuzaji samaki wako au mpe jirani. Usimwachilie samaki wala mmea kwenye bwawa au mto. Mto Sosiani unaopita Eldoret huingia Kipkaren, nao huingia Nzoia, ambao humwaga maji yake katika Ziwa Victoria. Ziwa hilo limeumia vya kutosha kwa vitu vya kigeni. Gugu maji lilitoka Amerika Kusini na kusambazwa duniani kwa uzuri wa maua yake. Mbuta, samaki mkubwa anayekula wenzake, alitiwa ziwani miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 aina nyingi za fulu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hilo, zilikuwa zimetoweka. Baadhi ya aina za fulu zimehifadhiwa katika matangi ya kioo huko Ulaya na Marekani, mikononi mwa watu waliojua kutunza maji.

Ujuzi huo unaweza kupatikana hapa hapa. Kando ya barabara ya kutoka Eldoret kwenda Ziwa kuna Chuo Kikuu cha Eldoret, ambako sayansi ya uvuvi na viumbe wa majini hufundishwa. Mtoto anayepima amonia kila jioni na kuiandika daftarini ameshaanza masomo hayo. Kwa hiyo wikendi hii nunueni tangi, filta na vipimo. Jazeni maji, mtie chembe za chakula, mwanze kuandika. Samaki wabaki dukani mpaka daftari lionyeshe sifuri.