Damu Katika Choo Kikubwa: Usiifiche



Darasani kwetu Ujiji alikuwepo mvuvi mmoja wa dagaa. Alisoma vizuri, halafu akaanza kukosa vipindi. Siku moja tulipokuwa wawili tu kando ya mitumbwi, akaniambia: "Mwalimu, nikienda haja kubwa naona damu. Mwezi wa nne sasa. Nimenunua dawa ya bawasiri mara tatu. Jambo la aibu hili, nimwambie nani?"

Nikamwambia, "Ndugu yangu, umwambie mganga wa zahanati." Akaenda. Alipewa kikopo, choo chake kikapimwa kwa darubini. Yakaonekana mayai ya kichocho. Kumbe haikuwa bawasiri.

Wengi tunajua kichocho cha kukojoa damu. Lakini kipo pia kichocho cha tumbo, nacho kipo hapa kwetu kandokando ya Ziwa Tanganyika. Minyoo yake ni midogo, hukaa katika mishipa ya damu ya utumbo. Jike hutaga mayai. Kila yai lina mwiba. Likipenya utumbo linauchana, ndipo damu hutoka.

Mtu akijisaidia ufukoni, mayai huanguliwa majini. Vijidudu huingia ndani ya konokono wadogo, huongezeka humo, kisha hutoka na kutoboa ngozi ya mtu. Hutoka kwa wingi mchana, jua likiwaka. Ndiyo saa akina mama wanafua na watoto wanaogelea!

Mayai mengine hayatoki. Hubaki katika ini. Baada ya miaka mingi ini huharibika, tumbo hujaa maji, na mtu anaweza kutapika damu akafa. Mvuvi wetu alikuwa anaficha jambo hilo.

Tiba ipo. Ni vidonge vya prazikwanteli. Mganga hupima uzito au urefu wako, ndipo anajua idadi. Kula kwanza, halafu meza. Unaweza kusikia kichefuchefu au kizunguzungu, lakini hupita. Ila ukirudi katika maji yale yale, utaambukizwa tena. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilifundisha habari za kichocho kwa redio na vitabu, na watu wakachimba vyoo. Choo bado ndiyo kinga.

Je, kila damu ni kichocho? Hapana. Damu nyekundu inayodondoka baada ya choo kigumu mara nyingi ni bawasiri. Kunywa maji mengi, kula mboga na matunda, usijikamue. Isipopona, hospitali wanaweza kuifunga au kuikata. Damu yenye kamasi, pamoja na homa na tumbo kusokota, ni kuhara damu: nenda upesi, huku unakunywa maji ya chumvi na sukari ya pakiti. Tena kuna saratani ya utumbo. Mtu mzima anayekonda, na choo chake kimebadilika, asikae kumeza dawa za dukani.

Choo kikiwa cheusi kama lami, au damu ikiwa nyingi na unasikia kizunguzungu, usingoje kesho.

Mganga anaweza kukupima kwa kidole chenye glavu. Wanaume wengi wanakimbia hapo. Ni dakika moja tu, jamani.

Mvuvi yule alimeza vidonge, akarudi darasani. Wiki iliyofuata alimpeleka mkewe na watoto wakapimwe, maana wote wanaoga pale pale. Watoto wawili walikutwa nacho.