Mtoto akililia wembe, mfundishe kuushika

Saa mbili usiku, mama anarudi nyumbani Ngokolo, mjini Shinyanga, baada ya kufunga genge lake. Kabla hajatua kikapu, anasikia mvumo mzito sebuleni, kisha yowe kali kama la paka aliyekanyagwa mkia. Juu ya meza ya chakula kuna spika kuukuu, transfoma mbili, nyaya zilizosokotana na vitaa viwili vya kioo vinavyowaka rangi ya kaa la moto. Mwanawe wa kidato cha tatu ameinama hapo, peku, bisibisi mkononi.

"Hiki nini tena, baba?"

"Shikamoo mama. Ni amplifaya. Vifaa nimevitoa kwenye redio ya babu. Ila inavuma tu na kupiga kelele, sijui nimekosea wapi."

"Marahaba. Zima kwanza, ndiyo tuongee."

Jioni kama hiyo inaweza kuikuta nyumba yoyote yenye kijana mdadisi, iwe Shinyanga, Kahama au Geita. Wahenga walisema mtoto akililia wembe, mpe. Kwa kifaa hiki ushauri huo haufai, maana wembe huu unaweza kuua mara ya kwanza tu. Lakini kumnyang'anya nako hakumalizi jambo. Kijana aliyekatazwa huifungua redio ileile siku wazazi wako shambani au msibani, na hapo anakuwa peke yake.

Iko njia ya tatu: kumruhusu kwa masharti, na mtu mzima kukaa karibu. Mzazi hahitaji kuwa fundi ili asimamie utaratibu.

Vitaa hivi ni nini?

Vile vitaa vya kioo huitwa valvu. Valvu ya kwanza ilibuniwa na Mwingereza John Ambrose Fleming mwaka 1904, na kwa miaka mingi ndizo zilizokuza sauti ndani ya redio na santuri za umeme. Transista ilipobuniwa Marekani mwaka 1947, valvu zilianza kuondoka taratibu sebuleni. Hadi leo wapo wanamuziki na wapenzi wa muziki wanaozitafuta kwa sababu ya sauti yake.

Waya mwembamba ndani ya valvu hupashwa moto kwa umeme mdogo, mara nyingi volti 6.3. Huo ndio mwanga unaoonekana. Lakini ili sauti ikue, sehemu nyingine ya valvu hiyohiyo hupewa volti 200 hadi 300, wakati mwingine zaidi. Ndiyo tofauti yake na amplifaya ya gari, inayotumia betri ya volti 12.

Hatari inayobaki baada ya kuzima

Wazazi wengi huamini kwamba waya ukishachomolewa ukutani, hatari imekwisha. Kwa kifaa hiki sivyo. Ndani yake kuna kapasita, vikopo vidogo vinavyohifadhi umeme. Kufunga bomba hakumwagi maji yaliyokwisha kuingia ndooni. Vivyo hivyo, kapasita inaweza kubaki na chaji kali muda mrefu baada ya kuzima.

Sakiti breka ya nyumba nayo si ya kutegemea hapa. Umeme ukishapita kwenye transfoma ya kifaa, breka inaweza isitambue kwamba mtu amenaswa upande wa pili.

Kwa hiyo masharti ya nyumbani yawe machache na yasiyojadiliwa:

- Hakuna kuwasha bila mtu mzima kuwepo chumbani, anayejua swichi kuu iko wapi.
- Viatu vikavu miguuni, sakafu kavu, wadogo zake wasiwe karibu.
- Kabla ya kugusa ndani: chomoa waya ukutani, toa chaji ya kapasita kupitia rezista ya wati kadhaa, si kwa bisibisi, kisha pima kwa multimita kuhakikisha umeme umeisha.
- Kupima kifaa kikiwa kimewashwa ni kazi ya kufanya mbele ya fundi mzoefu wa redio, mkono mmoja ukiwa mfukoni au nyuma ya mgongo.
- Fyuzi ikikatika, iwekwe fyuzi ya kiwango kilekile. Kipande cha waya hakiruhusiwi.
- Boksi la chuma liunganishwe na waya wa ethi, na soketi yenyewe iwe na ethi ya kweli.
- Baada ya kulehemu, mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula. Lehemu nyingi zina risasi, ambayo ni sumu.

Kutafuta kosa kwa mpangilio

Kijana akikwama hushawishika kubadilisha vitu vitano kwa mpigo. Hapo hata kifaa kikipona, hajui kilichokiponya. Mzazi amwekee sharti la daftari: jaribu kitu kimoja, andika matokeo, ndipo uende kingine.

Hatua ya kwanza ni macho, kifaa kikiwa kimezimwa na kapasita zimemwagwa. Afuatishe kila waya kwenye mchoro, na aguse kila kiungo cha lehemu kuona kama kinacheza. Aangalie pia doa la rangi ya fedha ndani ya kioo cha valvu. Likigeuka jeupe, hewa imeingia na valvu hiyo imekufa.

Hatua ya pili ni balbu. Fundi huunganisha balbu ya zamani ya waya, ya wati 40 au 60 na si ya LED, kwenye njia ya umeme unaoingia kwenye kifaa. Balbu ikimulika kidogo kisha ikafifia, ni dalili njema. Ikibaki inawaka kwa nguvu, kuna shoti. Zima, rudi kwenye mchoro.

Hatua ya tatu ni masikio, na hapa mama anaweza kusaidia kuliko anavyodhani. Sauti ipunguzwe hadi mwisho. Mvumo ukiondoka, tatizo huenda liko mbele, kwenye nyaya zinazoingiza muziki. Ukibaki vilevile, mshukiwa wa kwanza ni kapasita zilizozeeka. Zilizotoka kwenye redio ya babu mara nyingi zimekauka, hivyo ni bora kununua mpya zenye kiwango cha volti kinachotosha.

Yowe lina maelezo yake. Amplifaya nyingi hurudisha sehemu ndogo ya sauti kutoka mwisho wa sakiti hadi mwanzo ili kuisafisha. Nyaya mbili za upande mmoja wa transfoma ya spika zikiunganishwa kinyume, sauti inayorudi hujichochea badala ya kujituliza, na kifaa hupiga kelele. Ni kosa la kawaida kwa anayeanza. Dawa ni kuzima, kumwaga chaji, na kubadilishana nyaya hizo mbili.

Na kifaa kisiwashwe bila spika kuunganishwa, maana transfoma ya sauti inaweza kuungua.

Akinaswa na umeme

Mtu akinaswa, asiguswe. Zima swichi kuu kwanza. Ikishindikana, msukume kwa mti mkavu, kama mpini wa ufagio, mwokoaji akiwa amesimama pakavu. Akiwa amezimia na hapumui kawaida, abanwe katikati ya kifua kwa nguvu na kwa kasi, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku wengine wakitafuta usafiri wa hospitali. Hata akizinduka na kusema yuko sawa, apelekwe akachunguzwe moyo.

Udadisi una mahali pake

Kelvin Doe wa Freetown, Sierra Leone, alianza kwa kuokota vifaa vya umeme vilivyotupwa. Akiwa bado kijana mdogo aliunda betri, amplifaya na kituo kidogo cha redio, na mwaka 2012 alialikwa kwenye chuo cha MIT, Marekani. Si kila mtoto atafika huko. Ila Shinyanga kuna chuo cha VETA, na mitaani kuna mafundi redio ambao wangefurahi kupata kijana wa kuwashikia tochi siku za Jumamosi.

Yule mama wa Ngokolo anaweza kuanza na jambo dogo usiku uleule. Avute kiti, amwambie mwanawe avae viatu, na amuulize: "Haya baba, nionyeshe. Umeme unaingilia wapi, na unabaki wapi ukizima?" Akijibu swali la pili sawasawa, kesho waende wote kwa fundi. Akishindwa, redio ya babu irudi kabatini hadi atakapolijua jibu.