Kansa ya Umio na Kurasa Zilizofunikwa

Mwalimu wenu na aandike ubaoni neno UMIO. Lisomeni pamoja naye: u-mi-o. Umio ni njia ya chakula. Ukimeza tonge la ugali, hupita katika umio likashuka tumboni. Weka kidole chini ya koo, ukishushe katikati ya kifua mpaka mwisho wa mbavu. Njia hiyo imo humo ndani, nyuma ya njia ya hewa.

Kansa ya umio iko duniani kote, lakini si kwa kadiri moja. Upande wetu wa Afrika kuna ukanda mrefu, toka Ethiopia kupitia Kenya, Uganda, Tanzania na Malawi mpaka Afrika ya Kusini, ambao ugonjwa huu umewapata watu wengi kuliko mahali pengine. Ubaya wake ni kwamba dalili huchelewa. Mgonjwa hukwama kwanza na nyama, halafu ugali, halafu hata uji humshinda. Wengi hufika hospitali wakati wa uji. Ndiyo sababu wataalamu wanatafuta kujua ugonjwa huanzaje, miaka mingi kabla tonge la kwanza halijakwama.

Mwili wako umejengwa kwa chembe ndogo zilizo hai, ambazo huitwa pia seli. Jicho haliwezi kuziona bila darubini. Ndani ya chembe mna uzi mwembamba mno unaoitwa DNA. Ukiunyoosha uzi wa chembe moja hufika kama meta 2. Uzi huo ni kama kitabu. Herufi mlizojifunza ninyi zazidi ishirini, lakini za kitabu hiki ni nne tu: A, C, G na T. Kwa herufi hizo zimeandikwa amri za mwili: kua, gawanyika uwe mbili, tulia. Amri moja huitwa jeni.

Sasa angalieni jambo la ajabu. Chembe ya jicho na chembe ya ini zina kitabu kile kile, herufi kwa herufi. Mbona basi jicho haliwi ini? Kwa sababu kila chembe hufunika kurasa isizozihitaji. Hufunika kwa alama ndogo sana iitwayo methili, yenye kaboni moja na haidrojeni tatu. Alama hiyo hubandikwa juu ya herufi C, hasa C inayofuatwa na G. Zikibandikwa nyingi mwanzoni mwa jeni, jeni hiyo haisomwi tena. Herufi hazikufutwa wala hazikubadilishwa, zimefunikwa tu. Tena chembe inapogawanyika, alama hunakiliwa pamoja na herufi, hata chembe mpya huzaliwa na kurasa zile zile zimefunikwa. Elimu ya alama za namna hii huitwa epijenetiki. Kwa hiyo alama zenyewe si adui. Bila ya alama hizo tusingekuwa na jicho wala ini.

Kansa huliharibu somo la kitabu hiki kwa njia mbili. Andikeni neno KAA. Ni amri: tulia hapo ulipo. Sasa badilini herufi moja tu, A ya kwanza iwe U. Mnapata KUA. Herufi moja, na amri imegeuka kabisa! Ni mfano tu, lakini makosa ya herufi hutokea kweli. Jeni iitwayo p53, ambayo ni mlinzi mkubwa wa chembe, mara nyingi hukutwa na makosa ya namna hiyo katika kansa ya umio.

Njia ya pili ni hii. Neno KAA liko sawa, hakuna herufi iliyokosewa, lakini limebandikwa karatasi juu. Msomaji anapita bila kuliona. Jeni iitwayo p16 kazi yake ni kuizuia chembe isigawanyike ovyo. Katika wagonjwa wengi wa kansa ya umio wataalamu wameikuta p16 imefunikwa kwa methili. Hapo chembe inapoteza kizuizi chake kimoja. Moja huwa mbili, mbili huwa nne. Na papo hapo kurasa nyingine, ambazo zilipaswa kubaki zimefunikwa, hubanduka zikaanza kusomwa.

Kosa la herufi ni gumu kulisahihisha, lakini karatasi iliyobandikwa yaweza kubanduliwa. Mwaka 2004 Marekani iliruhusu dawa iitwayo azasitidini, ambayo hupunguza alama za methili, itumiwe kwa wagonjwa fulani wa uboho. Kwa kansa ya umio bado haijawa tiba ya kawaida, basi mtu asije akawauzia matumaini dukani. Mimi naona faida ya karibu zaidi ni katika kupima, maana alama hizi zimeonekana hata katika chembe ambazo bado hazijawa kansa. Kipo kidonge chenye sifongo ndani, kimefungwa uzi. Mtu hukimeza, ganda huyeyuka tumboni, sifongo hufunguka, kisha huvutwa juu ikiwa na chembe za umio za kupimwa. Uingereza na Marekani zimekwisha kutumia vipimo vya namna hiyo, hasa kwa aina nyingine ya ugonjwa, ile inayoanzia karibu na tumbo.

Labda mmoja wenu anauliza: je, ni ugonjwa wa ukoo? Swali hili lina uchungu. Ndugu wawili wakifa kwa kansa ya umio, watu huanza kunong'ona juu ya nyumba ile, na hata posa ya binti huweza kukataliwa. Kurithi kunaweza kuchangia. Lakini herufi tunazorithi ni jambo moja, na alama zinazobandikwa maishani ni jambo jingine. Ndugu wa nyumba moja hawakushiriki damu tu. Wameshiriki jiko moja, moshi mmoja na birika moja la chai.

Ni nini basi huzibandika alama hizi mahali pasipofaa? Umri huzibadili. Tumbaku nayo huzibadili. Na jeraha linalorudiwa lina hatari yake: umio ukiungua, chembe hulazimika kugawanyika upesi ili kuponya, na penye kunakili sana hapakosi makosa. Ninyi mnaonakili toka ubaoni mnalijua jambo hilo.

Huko Golestan, kaskazini ya Iran, watu hunywa chai nyingi sana, na wavuta sigara na wanywa pombe ni wachache. Utafiti uliotolewa mwaka 2009 ulionyesha kuwa waliokunywa chai ya moto mno, nyuzi 70 au zaidi, walikuwa na hatari ya kansa ya umio kama mara nane kuliko waliokunywa ya uvuguvugu. Mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Kansa, lililoko Lyon, Ufaransa, lilisema kuwa vinywaji vinavyozidi nyuzi 65 yamkini huleta kansa hii. Nasi je? Watu waliopimwa Kilimanjaro walianza kunywa chai yao kwenye nyuzi kama 70, na chai ya maziwa ilipoa polepole kuliko ya rangi.

Najua desturi zetu. Kumpa mgeni chai iliyopoa ni kama kumwambia aende zake. Mimi mwenyewe nimewahi kuunguza ulimi mbele ya wakwe nikatabasamu! Lakini mgeni anaweza kupewa chai ya moto, nanyi mkaendelea na habari za shamba mpaka ipoe.

Aliye na chakula kinachokwama kifuani asingojee kipindi kijacho. Aende hospitali kesho asubuhi.

Kazi ya darasa kwa wiki ijayo ni hii. Mwenye saa na ailete. Mimineni kikombe kimoja cha chai ya maziwa na kimoja cha chai ya rangi. Kila mmoja aguse kikombe, aandike katika daftari lake ni baada ya dakika ngapi angeanza kukinywa kama kawaida ya nyumbani kwake. Darasa lenye kipimajoto na lipime nyuzi wakati huo huo. Mwalimu aziandike hesabu zote ubaoni, zenu pamoja na yake.